Kilo Moja ya Mafuta Juu ya Tabora

Hotuba kwa wanafunzi wa urubani, uhandisi wa ndege na hali ya hewa, Dar es Salaam

Mwenyekiti, viongozi mliopo, walimu wenzangu, itifaki imezingatiwa. Wazee, shikamooni. Vijana, hamjambo? Naona wa nyuma hawajaitika, nadhani feni zimeizidi sauti yangu. Nitaipandisha.

Mada niliyopewa ni ndefu: ukusanyaji wa takwimu za kimataifa za moshi wa ndege na athari zake katika angahewa. Nikiisoma yote na majedwali yake mtasinzia kabla ya chai. Kwa hiyo naomba tuifuate ndege moja. Tuseme imetoka Cape Town, inakwenda Doha. Saa nane usiku iko juu ya Tabora, kilomita 11 kutoka ardhini, abiria wamelala. Inaunguza kilo moja ya mafuta, kazi ambayo kwa ndege kubwa haichukui hata sekunde nzima. Nani anaiandika kilo hiyo? Anaiandika kwenye daftari gani? Na alichoandika kinatuambia nini kuhusu hewa ya juu ya Tabora?

Kemia tuimalize mapema. Mafuta ya ndege za jeti ni ndugu wa tumbo moja na mafuta ya taa. Kilo moja ikiungua vizuri hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza inawezekanaje moshi ukawa mzito kuliko mafuta yenyewe, na ni swali zuri. Kaboni ya mafuta hujitwalia oksijeni ya hewani, na oksijeni ina uzito wake. Hutoka pia mvuke wa maji, kilo moja na karibu robo. Namba hizi mbili hazijali umri wa injini wala ustadi wa rubani. Ukijua mafuta yaliyoungua, hewa ukaa umeshaijua, bila kufunga kipimo chochote kwenye bomba la moshi.

Vilivyobaki ndivyo vyenye ukorofi: oksidi za nitrojeni, masizi, salfa, mabaki ya mafuta ambayo hayakuungua. Hivyo hubadilika kwa aina ya injini, kwa nguvu inayotolewa, kwa joto na unyevu wa hewa inayoingia. Tutavirudia, maana ndivyo vilivyonileta hapa.

Sasa twendeni uwanjani. Mkipata ruhusa, simameni siku moja chini ya bawa pale Julius Nyerere ndege inapojazwa mafuta. Gari la mafuta linasogea, waya wa kuondoa umeme tuli unabanwa kwenye ndege, mpira unaunganishwa. Fundi anachota mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, anaizungusha, anaiinua kwenye mwanga kuona kama kuna maji au takataka. Kisha anayavuta kwenye bomba dogo la sindano lenye kidonge kinachobadilika rangi maji yakiwemo. Mafuta yanaingia, mita ya gari inahesabu lita. Mwisho anaandika stakabadhi, rubani au mhandisi anasaini, nakala zinagawanywa. Jua linawaka, abiria wanapanda, kila mtu ana haraka.

Karatasi ile wote wanaijua kama karatasi ya malipo. Ni kweli, lakini ndiyo pia takwimu ya kwanza kabisa katika mnyororo mzima wa hesabu za tabianchi za usafiri wa anga, na wengi wanaoijaza hawajawahi kuambiwa hivyo.

Angalieni kipimo chake: lita. Hesabu za kimataifa zinataka kilo. Kanuni zinaruhusu kutumia uzito halisi wa mafuta unaotumika katika uendeshaji, au kiwango cha kawaida cha kilo 0.8 kwa lita. Mafuta yakipata joto hutanuka, na mwezi wa pili Dar es Salaam hakuna asiyejua joto ni nini. Tuseme ndege imechukua lita 10,000. Kwa 0.8 ni kilo 8,000. Kama siku hiyo uzito halisi ulikuwa 0.785, ni kilo 7,850. Zidisha tofauti kwa 3.16, unapata kilo 474 za hewa ukaa ambazo zipo kwenye karatasi na hazipo angani. Karatasi moja hiyo.

Stakabadhi hizo huishia kwenye mpango unaoitwa CORSIA. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal na lililozaliwa na Mkataba wa Chicago wa 1944, liliupitisha mwaka 2016. Upimaji na utoaji wa taarifa ulianza tarehe 1 Januari 2019. Anayebanwa ni mwendeshaji ambaye safari zake za kimataifa hutoa zaidi ya tani 10,000 za hewa ukaa kwa mwaka, kwa ndege ambazo uzito wake wa juu wa kuruka unazidi kilo 5,700. Anaripoti kwa nchi yake, mkaguzi wa nje anahakiki, nchi inapeleka Montreal. Tangu 2024 kipimo ni asilimia 85 ya hewa ukaa iliyotolewa 2019. Safari za kimataifa kwa jumla zikizidi hapo, mashirika ya nchi zilizojiunga yanapangiwa mgawo wa kufidia kwa kununua hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyopunguzwa kwingine. Kwa hiyo jamani, ukosefu wa umakini kwenye stakabadhi una bei, na bei hiyo inalipwa kwa fedha za kigeni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa upande wa hewa ukaa dunia imejitahidi kuwa na daftari. Lakini ni daftari la mangi wa dukani. Mangi anaandika nani kachukua unga kilo ngapi. Umeupikia wapi, umeunguza ugali au la, hilo halimhusu. Kwa hewa ukaa daftari hilo linatosha, kwa sababu hewa ukaa hukaa angani miaka mingi sana ikajichanganya dunia nzima. Iliyotoka juu ya Tabora na iliyotoka juu ya Frankfurt baada ya muda huwezi kuzitenganisha.

Hata hivyo, daftari la mangi nalo lina kurasa zilizokunjamana. Itifaki ya Kyoto ya 1997 iliiachia ICAO kazi ya safari za kimataifa. Safari za ndani zikabaki kwenye hesabu ya kila nchi. Inasikika rahisi mpaka ukutane na ndege inayotoka Ulaya, ikatua Kilimanjaro, ikashusha watalii, halafu ikaja Dar es Salaam. Kipande cha Kilimanjaro mpaka Dar, kwa mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, ni safari ya ndani, maana imeruka na kutua katika nchi moja. Ndege ni ya kigeni, abiria ni wageni, na mafuta huenda yalinunuliwa Ulaya kwa ajili ya safari nzima. Ukihesabu kwa mafuta yaliyouzwa Tanzania, kipande hicho hakionekani kabisa. Ukihesabu kwa safari, kinaonekana. Na kinyume chake kipo pia: shirika hujaza zaidi pale mafuta yalipo nafuu, likayabeba na kuyaunguzia mbali. Mafuta yaliyonunuliwa hapa yakaungulia juu ya Bahari ya Arabuni, ya Doha yakaungulia juu ya Dodoma.

Mwongozo huo wa IPCC una ngazi tatu. Ya kwanza ni kuzidisha mafuta yaliyouzwa. Ya pili inatenganisha kuruka na kutua na safari ya juu. Ya tatu inafuata kila safari kutoka uwanja hadi uwanja, ikiwezekana na njia yenyewe iliyopitwa. Nchi nyingi za Afrika hukaa kwenye ngazi ya kwanza kwa sababu ndiyo inayodai karatasi chache. Siwalaumu. Nasema tu kwamba karatasi za ngazi ya tatu zipo, ziko kwenye mafaili ya watu walioko ndani ya ukumbi huu.

Tuje kwenye ukorofi nilioutaja.

Mwaka 1971 mkemia wa California, Harold Johnston, alichapisha makala iliyowasha moto. Wakati huo watu waliota makundi ya ndege za abiria zinazokwenda kasi kuliko sauti, zikipita katika stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya kawaida. Johnston akapiga hesabu na kuonya kwamba oksidi za nitrojeni za ndege hizo zingeweza kuila tabaka ya ozoni. Bunge la Marekani lilikuwa limeshakataa kuendelea kuufadhili mradi wa Marekani wa ndege hizo miezi michache kabla, kwa sababu nyingi, na serikali ikaendesha uchunguzi mkubwa wa kisayansi hadi 1975. Kwa miaka iliyofuata majibu yalipanda na kushuka. Kasi ya mmenyuko mmoja wa kemikali ikipimwa upya maabara, hitimisho zima lilisogea. Hesabu zilikuwa nyingi, vipimo vichache. Concorde ilianza kubeba abiria 1976, na moshi wake ulikuja kupimwa stratosfia mwaka 1994, pale ndege ya utafiti ya NASA iitwayo ER-2 ilipoupitia karibu na New Zealand. Walikuta chembechembe nyingi kuliko walivyotarajia. Miaka 18 ya safari, ndipo mtu akaenda kunusa.

Nawasimulia hili kwa sababu sisi tuko katika hali inayofanana kwa ndege za kawaida katika anga la tropiki. Mwaka 2021 kundi kubwa la wanasayansi likiongozwa na David Lee lilichapisha tathmini ya mchango wa usafiri wa anga katika kuongeza joto la dunia hadi 2018. Hewa ukaa peke yake waliipa miliwati 34.3 za joto la ziada kwa kila mita ya mraba ya dunia. Ile michirizi myeupe ambayo ndege huacha nyuma, ikitanuka kuwa mawingu membamba, waliipa 57.4. Oksidi za nitrojeni, baada ya kujumlisha na kutoa, 17.5. Maana yake, karibu theluthi mbili ya athari yote inatokana na vitu ambavyo daftari la mangi haliandiki.

Wengi hunukuu 57.4 wakaishia hapo. Someni na mabano yake: kati ya 17 na 98. Mtu akikwambia nauli ni shilingi elfu 17 au elfu 98, utapanda? Sehemu ya upana huo inatokana na kutojua unyevu wa hewa ya juu ukoje, wapi na saa ngapi.

Hapa sasa Tabora inaingia. Mchirizi huundwa pale mvuke wa injini unapokutana na hewa baridi ya kutosha, kwa kawaida chini ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Kanuni yake ilitolewa na Schmidt Ujerumani mwaka 1941 na Appleman Marekani mwaka 1953. Ili mchirizi udumu na kutanuka, hewa lazima iwe tayari imejaa unyevu kupita kiwango cha kuganda. Ulaya, katika kilomita 11, mara nyingi ni nyuzi 55 chini ya sifuri, na ndege hugusa hata stratosfia. Kwetu troposfia, yaani tabaka la chini la hewa, ni nene, inafika kilomita 16 au 17, na katika kilomita 11 hewa ina nyuzi 40 na kidogo chini ya sifuri. Tuko mpakani kabisa. Ndege yetu ikiwa kilomita 11 huenda isiache kitu, ikipanda hadi 12 ikaacha mchirizi unaokaa saa kadhaa. Usiku mchirizi huo haurudishi mwanga wa jua, kwa maana jua halipo, unabaki na kazi moja ya kuzuia joto lisitoke. Ndiyo sababu nilisema saa nane usiku, sikubahatisha.

Oksidi za nitrojeni nazo zina tabia zake kwetu. Penye jua kwa wingi namna hii, katika hewa ambayo haijachafuliwa sana, molekuli moja hutengeneza ozoni nyingi kuliko katika anga la kaskazini lililosongamana. Ozoni ya kule juu hupasha joto. Molekuli hiyo hiyo huchangia pia kupunguza methani, na hilo hupoza kidogo. Ukitaka kujua jumla, lazima ujue hewa ilikuwaje kabla ndege haijapita. Na hewa ya Afrika Mashariki na Kati ina wageni wengi: moshi wa moto wa mashamba na nyika wakati wa kiangazi, na radi za bonde la Kongo, ambako ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Kwa dunia nzima radi hutengeneza oksidi za nitrojeni mara kadhaa ya zile za ndege. Bila kupima huwezi kujua hiki ni cha injini, hiki cha radi, hiki cha mkulima wa Katavi aliyechoma shamba.

Mimi nimetokea upande wa hali ya hewa, mtanisamehe nikikaa huku juu muda mrefu. Tushuke kidogo ardhini, maana hata uwanjani kuna vioja.

ICAO ina kanzidata ya injini, ambayo sasa inatunzwa na mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, EASA. Mtengenezaji hupima injini mpya kwenye banda la majaribio katika hali nne: nguvu zote za kuruka, asilimia 85 za kupanda, 30 za kukaribia kutua, 7 za kutembea ardhini. Kisha muda wa kila hali umepangwa: sekunde 42 za kuruka, dakika 2.2 za kupanda, dakika 4 za kukaribia, na dakika 26 za kutembea ardhini. Dakika 26! Hizo ni za viwanja vikubwa vyenye foleni. Nyie mnaofanya kazi pale Kipawa mnajua ndege inachukua muda gani kutoka maegesho ya jengo la tatu hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Anayetumia namba ya kitabu anatubandika moshi ambao hatujautoa, na hasa kaboni monoksaidi na mafuta ambayo hayakuungua, kwa sababu injini ikiwa taratibu ndiyo huvitoa zaidi.

Tena vipimo vile husahihishwa viwe vya hewa ya nyuzi 15 yenye gramu 6.34 za mvuke kwa kila kilo ya hewa kavu. Wakati wa masika hapa mjini mvuke huo unakaribia mara tatu. Unyevu hupunguza oksidi za nitrojeni, joto huziongeza. Hesabu ya kurekebisha ipo, inahitaji tu joto na unyevu wa saa ile, na hivyo vinapimwa uwanjani kila saa na kuandikwa. Sijui kwa nini faili moja lisikutane na lingine.

Na hiyo kanzidata inahusu injini za jeti zenye msukumo unaozidi kilonyutoni 26.7. Panga boi, yaani ndege za rafadha, hazimo. Mnakumbuka Q400 za Air Tanzania zilipofika Septemba 2016 zilivyotaniwa mitaani kwa jina hilo. Utani pembeni, panga boi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya safari zetu za ndani: Q400, ATR, na zile Caravan zinazokwenda Zanzibar, Mafia na mbugani. Namba za injini za aina hiyo zinatunzwa Sweden, katika taasisi ya utafiti wa ulinzi, na hupewa anayeomba kwa masharti. Mtu anayekadiria moshi wa anga la Tanzania kwa kutumia kitabu cha jeti peke yake anaacha nje ndege tunazozisikia kila siku zikipita.

Wakazi wa pembeni mwa uwanja nao wana haki ya kuuliza. Kaskazi inapovuma, ndege huruka kuelekea upande wa mjini na hewa ya uwanjani husukumwa kuelekea Ukonga na Gongo la Mboto. Ni kiasi gani cha masizi wanayovuta ni ya ndege, na kiasi gani ni cha malori ya Barabara ya Nyerere? Nadhani malori yanaongoza, lakini hiyo ni nadharia ya mzee mmoja, kipimo kingemaliza ubishi.

Turudi angani. Zipo njia za kupima ambazo hazikuanza na ndege za utafiti za mabilioni. Mwaka 1993 Wazungu walianzisha mradi ulioitwa MOZAIC. Walifunga vipima ozoni na mvuke kwenye Airbus A340 tano za abiria, za mashirika ya kawaida, zikaenda na kurudi kibiashara huku zikipima njia nzima. Mradi huo uliendelezwa kuwa IAGOS, ambao takwimu zake watafiti wa popote wanaweza kuziomba na kuzitumia. Na kabla hamjasema hayo ni ya wenzetu: Air Namibia ilishiriki. Ndege yake ya Windhoek kwenda Ulaya ilibeba vifaa hivyo kwa miaka kadhaa, na mengi yanayojulikana kwa vipimo kuhusu ozoni na kaboni monoksaidi katika anga la juu la Afrika ya Kati yametokana na safari zile. Namibia haikuwa na ndege nyingi. Ilikuwa na njia ndefu iliyopita mahali penye vipimo vichache.

Sisi leo tunazo ndege za masafa marefu zinazotoka hapa kwenda Asia, zikivuka Bahari ya Hindi. Pale katikati ya bahari vipimo vya anga la juu ni haba sana. Mnaona ninakoelekea.

Majirani zetu wamefanya kazi yao. Nairobi hurushwa puto lenye kipima ozoni, kwa ushirikiano na Uswisi, na takwimu zake huingia katika mtandao wa SHADOZ ulioanzishwa na NASA mwaka 1998 kwa ajili ya tropiki na kusini mwa dunia. Mlima Kenya una kituo cha kupima hewa safi tangu 1999. Puto la kawaida la hali ya hewa ni desturi ya dunia nzima kulirusha kwa wakati mmoja, saa sita usiku na saa sita mchana za Greenwich, ambazo kwetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Kila puto hupima joto na unyevu likipanda. Kipima unyevu chake hulegea kwenye baridi kali, ndiyo, lakini joto la kilomita 11 hulipata vizuri. Puto likirushwa na kumbukumbu zake zote zikahifadhiwa, sekunde kwa sekunde, badala ya muhtasari mfupi tu, yule anayetaka kujua kama ndege yetu iliacha mchirizi anapata pa kuanzia.

Njia ya ndege nayo haina siri tena. Ndege nyingi hutangaza mahali zilipo kwa redio, karibu mara mbili kila sekunde, na kifaa kidogo chenye antena juu ya paa kinanasa. Bei yake haizidi simu janja ya kati. Tatizo ni kwamba vinasa hivyo vimejaa Ulaya na Marekani, huku bara letu lina mapengo makubwa. Setilaiti zinaziba, ila takwimu za setilaiti huuzwa. Mkumbuke pia kwamba ishara ile inasema ndege iko wapi, haisemi ina uzito gani wala inanywa kiasi gani. Hapo watafiti hukadiria kwa vielelezo, kama kile cha Eurocontrol, shirika la uongozaji ndege la Ulaya, kiitwacho BADA. Makadirio mazuri hupatikana yakilinganishwa na mafuta halisi, na mafuta halisi yako kwenye kabati la ofisi ya operesheni.

Utafiti wa anga la Japani uliochapishwa 2020 ulikuta kwamba asilimia 2.2 ya safari ndizo zilizobeba asilimia 80 ya athari ya michirizi. Mkiitafakari, ni habari njema: huhitaji kumgusa kila mtu, unahitaji kuwajua hao wachache na kuwaomba washuke au wapande kidogo usiku fulani. Kwetu ni safari zipi? Kwa vipimo tulivyo navyo juu ya Tabora, hakuna awezaye kuzitaja kwa uhakika.

Wapo wanaoniambia: mzee, ndege zetu ni chache, waache wenye nyingi wapime. Nawajibu kwamba anga letu linapitwa na ndege za watu wengi, na athari inapatikana hapa hata kama faida inaandikwa kwingine. Wapo wanaoogopa kwamba tukitoa takwimu tutajitia kitanzi. Nimewaonyesha zile dakika 26. Ukinyamaza, dunia haikuandikii sifuri, inakuandikia namba ya kitabu. Tangu Januari 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kuyadai mashirika taarifa za athari zisizo za hewa ukaa, kwa kuanzia na safari za ndani ya eneo lao. Asiye na kumbukumbu zake katika mfumo wa aina hiyo hukadiriwa, na anayekukadiria hana sababu ya kukuonea huruma.

Woga wenye msingi ni wa siri ya biashara. Mafuta ya kila njia yanamwonyesha mshindani gharama zako. Hilo naliheshimu. Dawa yake inajulikana: takwimu zikae kwa mdhibiti, zitolewe zikiwa zimejumlishwa, baada ya mwaka kupita. Mashirika makubwa duniani yamekubali masharti kama hayo.

Kama ningepewa fedha kidogo na ruhusa moja, nisingeanza na vipima vya kufunga kwenye ndege, ingawa ndivyo vinavyopendeza kwenye picha. Ningeanza na ile stakabadhi chini ya bawa: joto la mafuta na uzito wake halisi viandikwe pamoja na lita. Pili ningetaka mafuta ya kila kipande cha safari yaandikwe peke yake, cha ndani mbali na cha nje. Kisha vinasa ishara kwenye mapaa ya vyuo, Dar, Mwanza, Mbeya, na kimoja Tabora kwa ajili yangu. Vifaa vya ndani ya ndege vije baadaye, tukiwa tumeshazoea kutunza karatasi, kwa sababu anayepoteza stakabadhi atapoteza na ozoni.

Nimemwachia katibu fomu ya mfano. Ina safu za namba ya safari, ulikotoka, ulikotua, lita, joto la mafuta, uzito na dakika za kutembea ardhini. Wanaofanya mafunzo uwanjani wiki hii waijaze kwa safari watakazoruhusiwa kuziona, bila jina la shirika. Wiki ijayo tutazilinganisha hapa na namba za kitabu, ubaoni, safari kwa safari. Mwenyekiti, naona dada pale katikati ameinua mkono tangu nilipotaja panga boi. Tumsikilize.